Usiku Mmoja Kando ya Rufiji (Makala ya Pili)

Juma lililopita nilieleza jinsi Pori la Akiba la Selous lilivyogawanywa mwaka 2019, na sehemu yake kubwa, kilomita za mraba 30,893, ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Baada ya makala ile nimeulizwa tofauti ni nini. Katika pori la akiba, linalosimamiwa na TAWA, mwenye kibali huweza kuwinda. Katika hifadhi ya taifa, iliyo chini ya TANAPA, hakuna uwindaji. Mgeni huja kutazama tu. Wazee wa Rufiji wana jina lao la zamani kuliko hayo yote. Huiita nchi ile Shamba la Bibi, kwa masimulizi kwamba Kaisari wa Ujerumani alimzawadia mkewe. Leo nazungumzia usiku wa shamba hilo, maana wengi wetu tukifika huko tunaona nusu tu ya mambo.

Tulitoka Dar es Salaam alfajiri, tukapita Kibiti, tukaingia barabara ya vumbi hadi Mloka na lango la Mtemere. Mchana tuliona tulichotarajia: twiga, swala pala, na tembo mmoja aliyesimama kimya chini ya mvumo. Huyo tembo nilimtazama kwa muda mrefu. Mwaka 1976 Selous ilikuwa na tembo wapatao 109,000. Kufikia 2013 walibaki kama 13,000, na mwaka uliofuata UNESCO ikaiweka katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Ujangili ndio uliofanya kazi hiyo. Aliyefika pale na kumwona tembo mmoja ajue anaona masalia.

Jioni tulipanda mashua. Viboko walikuwa wamejaa kwenye vina vya mto, masikio na pua tu juu ya maji. Watu husema kiboko ni mvivu, kutwa amelala. Ukweli ni kwamba ngozi yake hupoteza maji upesi mno, na akikaa juani kutwa itakauka na kupasuka. Hivyo mchana wake ni wa kujihifadhi, na kazi yake huanza jua likizama.

Kambi yetu haikuwa na uzio. Baada ya chakula cha usiku hapana ruhusa ya kwenda hemani peke yako. Askari mwenye kurunzi hukusindikiza. Wetu alikuwa mzee wa Kindengereko, mpole, mwenye maneno machache. Alizungusha mwanga wake upande wa mto, na macho mengi yakawaka kama makaa. Wanyama wa usiku wana utando nyuma ya jicho unaorudisha mwanga, ili hata ule mchache wa nyota uwafae mara mbili.

“Usitoke mpaka nije, mwalimu,” aliniambia mlangoni. “Akipita, mwache apite.”

Hakusema nani. Saa tano usiku nilijua. Kwanza zilikuja hatua nzito, kisha sauti ya majani yakikatwa, krap, krap, karibu kabisa na turubai. Kiboko halishi kwa yale meno yake makubwa. Hayo ni ya vita. Hukata nyasi kwa midomo, ambayo ina upana wa karibu nusu mita, na kwa usiku mmoja hula kiasi cha kilo 40. Nililala nikimsikiliza kwa hofu na furaha pamoja.

Majani yale hayaishii tumboni. Kukipambazuka kiboko hurudi majini, na humo ndimo anamotupa kinyesi chake kingi. Watafiti waliofanya kazi Mto Mara, upande wa Kenya, walikadiria kwamba viboko wapatao 4,000 hutia mtoni kinyesi chenye uzito wa tani 36 hivi kwa siku. Ndani yake mna silika, madini yanayokaa kwenye nyasi. Kuna vijimea vya majini viitwavyo daiatomu, visivyoonekana kwa macho, ambavyo hujenga maganda yao kwa silika hiyo. Viumbe wadogo hula vijimea hivyo, na samaki hula viumbe hao. Kwa hiyo kiboko huchukua nyika usiku na kuimwaga mtoni asubuhi. Lakini mto ukipungua maji, kinyesi huoza kwenye madimbwi na kumaliza oksijeni. Mvua ikija kuyasukuma maji yale, samaki walio mkondo wa chini hufa. Mto unaomhitaji kiboko unahitaji pia maji ya kutosha ya kumhimili.

Karibu na alfajiri simba alinguruma. Ngurumo hiyo husikika hadi kilomita 8, na hapo ndipo furaha yangu ilipoanza kunisumbua, kwa sababu Mloka na vijiji vingine haviko mbali. Sauti niliyoilipia mimi, mkulima wa huko aliisikia akiwa juu ya dungu, kile kibanda cha miti ambamo hukesha kulinda mpunga na mahindi. Mwaka 2005 Craig Packer na wenzake, wakiwemo watafiti wa Kitanzania, waliandika katika jarida la Nature kwamba tangu 1990 simba walikuwa wameua Watanzania zaidi ya 563. Chanzo kimoja walichokiona ni nguruwe mwitu. Nguruwe huingia shambani usiku, mkulima hulala shambani kumfukuza, na simba anayemfuata nguruwe humkuta mtu. Vifo vingi vilitokea miezi ya Machi hadi Mei, wakati wa mavuno.

Hiyo ndiyo miezi ya masika, ambapo barabara huharibika na kambi nyingi hufungwa. Mgeni hayupo, mkulima yupo. Naona ni deni letu, sisi tunaofurahia hifadhi, kwamba mwenye dungu awe wa kwanza kufikiriwa mapato yanapogawanywa: apate ulinzi wa shamba, askari wa kumwita usiku, na kifuta machozi kinachofika kwa wakati.

Kulipokucha yule mzee alikuja, akainama na kunionyesha nyayo zenye vidole vinne, pana kama sahani. Alipima kwa hatua kutoka pale hadi kitanda changu kilipo. Zilikuwa nne. Nikamuuliza kama yeye bado ana shamba.

“Lipo Mloka,” alisema. “Usiku huu mwanangu ndiye aliyekuwa dunguni.”