Herufi Moja Tu: Jinsi Mwili Unavyotengeneza Protini, na Kwa Nini Selimundu Si Uchawi



Ndugu wanafunzi, katika toleo hili nimeona tuzungumze jambo lililo ndani ya miili yetu wenyewe. Huku kwetu Nachingwea na Ruangwa, mtoto akilia usiku kwa maumivu ya mifupa, vidole vikavimba na macho yakawa ya njano, si ajabu kusikia mtu akisema amerogwa. Pengine maneno humgeukia mama, kwamba ana mkosi au alivunja mwiko fulani wakati wa ujauzito. Maneno haya yamevunja ndoa, na yamewachelewesha watoto kufika hospitali. Dawa ya maneno kama haya ni elimu. Basi na tuitafute elimu hiyo tangu mwanzo wake, yaani namna seli inavyotengeneza protini.

Protini ni nini?

Ukitaja protini, wengi hufikiria chakula: kunde, choroko, mbaazi, dagaa, mayai na karanga. Na karanga si ngeni kwetu. Jina la Nachingwea lilivuma hadi Uingereza kwa sababu ya mpango mkubwa wa kulima karanga ulioanza mwaka 1947 na kuvunjika mwaka 1951.

Lakini protini ya karanga haiingii mwilini ikabaki kama ilivyo. Tumbo na utumbo huivunja kuwa vipande vidogo viitwavyo asidi amino. Viko vya aina 20. Vipande hivyo husafirishwa na damu hadi kwenye seli, nazo seli huviunganisha upya kwa mpangilio mwingine. Ni mfano wa mtu aliyebomoa ghala la zamani, akachukua matofali yale yale akajengea darasa. Matofali ni yale yale ila jengo ni jipya.

Katika protini zinazojengwa hivyo, moja tutaifuata katika makala hii. Inaitwa himoglobini. Hii ndiyo inayoipa damu wekundu wake, na kazi yake ni kubeba oksijeni kutoka mapafuni na kuipeleka mwili mzima. Himoglobini moja ina minyororo 4 iliyoshikana: 2 ya aina ya alfa, kila mmoja una asidi amino 141, na 2 ya aina ya beta, kila mmoja una asidi amino 146. Ndani ya chembe moja nyekundu ya damu mna himoglobini zipatazo milioni 270.

Maelekezo yako wapi?

Swali linakuja: seli inajuaje ipange asidi amino ipi kwanza na ipi ifuate?

Chukua mfano wa kitabu cha masomo ambacho mwalimu amekifungia kabatini. Kitabu hakitoki nje. Mwanafunzi huja akanakili somo la siku ile kwenye ubao wake, akaenda nao barazani kusoma. Akimaliza, ubao hufutwa na kutayarishwa kwa somo jingine.

Seli nayo hufanya mfano wa hivyo. Kitabu chake ni DNA, ambayo wengi tunaisikia kwa jina la vinasaba, na kimehifadhiwa ndani ya kiini cha seli. Kimeandikwa kwa herufi 4 tu: A, T, G na C. Herufi zote zikihesabiwa ni kama bilioni 3, na ndani yake mna masomo ya kutengenezea protini yapatayo 20,000. Kila somo huitwa jeni. Seli ikihitaji protini fulani, hunakili jeni yake kwenye kitu kiitwacho RNA. Huo ndio ubao. Katika RNA herufi T hubadilishwa na herufi U. Nakala hiyo hutoka kwenye kiini na kwenda kwenye mtambo mdogo sana uitwao ribosomu.

Ribosomu husoma herufi tatu tatu. Ukipanga herufi 4 kwa tatu tatu utapata maneno 64, yaani 4 mara 4 mara 4. Maneno 61 hutaja asidi amino, na maneno 3 yaliyobaki maana yake ni “simama, somo limekwisha”. Kwa mfano, AUG huashiria mwanzo wa somo, na GAG hutaja asidi amino iitwayo asidi glutami. Ribosomu husoma neno, huvuta asidi amino inayohusika, huiunganisha na iliyotangulia, kisha huenda neno linalofuata. Inapofika kwenye neno la kusimama, mnyororo huachiwa, ukajikunja na kupata umbo lake, nao uko tayari kwa kazi.

Nani anaamua somo lipi lisomwe?

Hapa ndipo penye hekima kubwa. Karibu kila seli yenye kiini mwilini mwako ina kitabu kizima. Seli ya jicho ina jeni ya himoglobini, lakini haitengenezi himoglobini. Seli ya ngozi ina jeni ya insulini, lakini insulini hutengenezwa kwenye kongosho. Kumbe kila seli hufungua kurasa zinazoihusu na kuziacha nyingine zimefungwa.

Usimamizi huu unafanyika kwa njia nyingi. Nitataja tatu.

Kwanza, zipo protini ambazo kazi yake ni kukaa juu ya DNA na kuufungua ukurasa au kuufunga. Pili, ubao hufutwa. Nakala za RNA huvunjwa baada ya muda, ili protini isiendelee kutengenezwa wakati haihitajiki. Tatu, ribosomu zenyewe zinaweza kupunguza kasi. Himoglobini inahitaji madini ya chuma. Chuma kikipungua mwilini, seli zinazotengeneza damu hutambua upungufu huo na kupunguza utengenezaji wa minyororo, isije ikarundikana bila kazi. Ndiyo maana mtu asiyepata chuma cha kutosha hupungukiwa damu hata kama anakula protini.

Himoglobini inatupa mfano mwingine ulio wazi zaidi. Mtoto akiwa tumboni mwa mama hatumii himoglobini ya mtu mzima. Hutumia himoglobini ya utotoni, ambayo minyororo ya beta imebadilishwa na minyororo iitwayo gama. Himoglobini hiyo huvuta oksijeni kwa nguvu zaidi, ili mtoto aweze kuipokea kutoka kwenye damu ya mama. Karibu na wakati wa kuzaliwa, seli huanza kuufunga ukurasa wa gama na kuufungua ukurasa wa beta. Kurasa hizi mbili zinakaa karibu karibu kwenye kromosomu namba 11. Mtoto afikapo miezi 6 hivi, sehemu kubwa ya himoglobini yake huwa ya mtu mzima. Kumbuka jambo hili, tutalirudia.

Herufi moja ikibadilika

Kila mwanafunzi wa madrasa anajua tofauti ya qalb na kalb. Ukitamka kwa qaf umesema moyo, na ukitamka kwa kaf umesema mbwa. Herufi moja imegeuza maana yote.

Katika nakala ya RNA ya jeni ya beta, neno la asidi amino ya 6 ni GAG. Kwa baadhi ya watu neno hilo limekuwa GUG. Herufi A imeondoka na U imekaa mahali pake. GUG haitaji asidi glutami, inataja asidi amino nyingine iitwayo valini. Asidi glutami inapatana na maji, valini inayakimbia. Basi himoglobini yenye valini mahali pale, ikishaachia oksijeni yake, hutafuta mwenzake wa kushikamana naye. Hushikana nyingi, zikawa nyuzi ngumu ndefu, na chembe nyekundu iliyokuwa ya mviringo na laini hupinda kama mundu wa kuvunia mpunga. Ndiyo asili ya jina selimundu.

Chembe iliyopinda hukwama kwenye mishipa midogo, damu isipite, na hapo huja maumivu makali ya mifupa. Tena haidumu. Chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi, lakini iliyopinda huishi kama siku 10 hadi 20. Kwa hiyo damu hupungua, na mabaki ya chembe zilizovunjika huyafanya macho kuwa ya njano. Na kwa nini mtoto huzaliwa akiwa mzima, kisha maradhi yakaonekana baada ya miezi 6 hivi? Ni kwa sababu himoglobini ya utotoni ilikuwa inamlinda, na ukurasa wake umefungwa. Hakuna aliyemfanyia jambo katika miezi hiyo.

Kwa nini maradhi haya ni mengi kwetu?

Kila mtu ana nakala 2 za jeni ya beta, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Mwenye nakala moja iliyobadilika huwa mbebaji, na kwa kawaida haumwi. Mwenye mbili ndiye mgonjwa. Mume na mke wakiwa wabebaji wote wawili, katika kila mimba uwezekano wa kumpata mtoto mgonjwa ni 1 kati ya 4. Mnaona basi kwamba kumlaumu mama peke yake ni dhuluma. Nakala moja ilitoka kwa baba.

Mwaka 1949 kijana Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alikuwa akikusanya damu za watu wa makabila mbalimbali nchini humo. Aliona kwamba wabebaji ni wengi katika pwani na karibu na Ziwa Victoria, lakini ni wachache katika nyanda za juu zenye baridi. Akatambua kwamba penye malaria nyingi ndipo penye wabebaji wengi. Mwaka 1954 alichapisha matokeo ya utafiti wake: mbebaji ana kinga fulani dhidi ya malaria kali. Kwa hiyo katika nchi za malaria wabebaji walinusurika kwa wingi zaidi utotoni, nao wakairithisha jeni ile kwa vizazi vilivyofuata.

Lakini tahadhari! Kinga hiyo ni ya mbebaji. Mgonjwa wa selimundu, malaria kwake ni hatari kubwa.

Tanzania inakadiriwa kupata hadi watoto 11,000 wenye selimundu kila mwaka, na ni miongoni mwa nchi zenye idadi kubwa zaidi duniani. Katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, Profesa Julie Makani na wenzake wamewafuatilia maelfu ya wagonjwa tangu mwaka 2004. Matibabu na utafiti wa maradhi haya unafanywa hapa hapa nchini na wataalamu wetu.

Ukurasa uliofungwa unaweza kufunguliwa

Sasa turudi kwenye himoglobini ya utotoni. Ukurasa wake haukuchanwa, umefungwa tu. Dawa iitwayo haidroksiurea huwafanya wagonjwa wengi waanze tena kuitengeneza kwa kiasi kikubwa zaidi. Himoglobini hiyo haijiungi na zile nyuzi ngumu, hivyo maumivu na haja ya kuongezewa damu hupungua. Marekani iliiruhusu kwa ajili ya selimundu mwaka 1998, na Tanzania pia inatumika. Ni dawa ya kusimamiwa na daktari, kwa kuwa damu lazima ipimwe mara kwa mara.

Mwaka 2008 watafiti walionyesha kwamba protini iitwayo BCL11A ndiyo mmoja wa wasimamizi wanaoufunga ukurasa wa gama. Mwishoni mwa mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliruhusu tiba inayopunguza nguvu ya msimamizi huyo ndani ya seli za mgonjwa mwenyewe. Bei yake huko Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Kwa familia ya mkulima wa korosho au ufuta tiba hiyo ingali mbali. Lakini njia ya kuifikia imeonekana, nayo imepatikana kwa kujua namna seli inavyofungua na kufunga kurasa zake.

Yatupasayo

1. Tusiseme mtoto amerogwa. Apelekwe hospitali ya wilaya apimwe damu.

2. Mgonjwa akipata homa, afike hospitali siku ile ile. Alale ndani ya chandarua, na dawa alizoandikiwa asiziache.

3. Anywe maji mengi, na akingwe na baridi. Darasani aruhusiwe kunywa maji na kwenda chooni kila anapohitaji. Figo zake haziwezi kuyabana maji vizuri, hivyo hukojoa mara nyingi, pengine hata kitandani. Asichekwe wala asichapwe kwa hilo.

4. Mwezi wa Ramadhani ashauriane na daktari kabla ya kufunga. Tumesoma katika fiqhi kwamba mgonjwa ana ruhusa yake.

5. Mnaokaribia umri wa ndoa, pimeni kabla ya posa kukamilika, hata kama mchumba ni binamu. Binamu wanaweza kuwa wamerithi herufi ile ile kutoka kwa babu au bibi mmoja. Kupima si kumkataa mtu, ni kujua mnachokiendea.

Mwenzako akikosa darasani wiki nzima kwa maumivu, usiulize nani amemfanyia. Mpelekee somo alilolikosa, na umuulize kama maji ya kunywa yapo karibu naye.