Kuta Zitokazo Jasho

Kila mwaka masika yakishika, kati ya Machi na Mei, bibi wa nyumba katika Mji Mkongwe wa Unguja hufungua sanduku lake akaona kanzu ya mumewe imefanya kawa, vitabu vya mwalimu vimeota manyoya ya kijani, na nyuma ya kabati ukuta umekuwa mweusi kama kitako cha sufuria. Hufuta, hufukiza udi, harufu ikaenda zake. Na baada ya wiki mbili weusi umerudi pale pale. Majirani husema ni uchafu, na mama wa watu hupata aibu bure mbele ya wageni. Wengine husema ni ukale wa nyumba. Wako hata wasemao ya kuwa chumba kile kina shetani, kwa sababu kila mtoto alalaye humo hukohoa. Twawasihi hao, kabla ya kwenda kwa mganga, walisogeze kabati watazame nyuma yake. Na kwa kuwa jambo hili lagusa vifua vya watoto, na wakati mwingine roho za watu, twaona yafaa tulieleze kwa kituo.

Ukungu ni kitu chenye uhai. Mbegu zake ni ndogo kupita vumbi la unga, nazo zimo hewani mahali pote, Ulaya na Unguja, jumbani na kibandani, wala hapana awezaye kuzifungia mlango. Zikianguka mahali pakavu hulala tu. Zikianguka penye maji, zikapata na chakula kidogo, kama karatasi, mbao, ngozi, pamba, gundi ya kitabu, au vumbi lililoshika rangi ya ukuta, huanza kumea katika siku moja au mbili. Basi mbegu hatuziwezi, na chakula chake hatuwezi kukiondoa chote nyumbani. Kilichobaki mikononi mwetu ni maji. Apiganaye na ukungu asipigane na maji afanana na mtu akataye ndago kwa juu, akaacha kiazi chake chini ya udongo.

Maji hayo hutoka wapi? Ya mvua kila mtu ayajua: bati lenye tundu, mlizamu ulioziba majani, bomba la choo cha ghorofani livujalo ndani ya ukuta mwaka mzima bila mtu kuuliza. Yasiyojulikana sana ni yale ya hewani. Chukua bilauri ya maji yenye barafu uiweke mezani. Mara huona nje yake imelowa kana kwamba yatoka jasho. Maji yale hayakupenya kioo. Yalikuwa hewani, hayaonekani, nayo yalipogusa kitu baridi yakageuka matone. Ukuta wa mawe wenye unene wa nusu mita na zaidi hufanya vivyo hivyo. Usiku hupoa, na mchana hewa yenye joto na mvuke ikaugusa, hasa pembeni na nyuma ya vyombo, mahali pasipopita upepo. Ongeza pumzi za watu sita walalao katika chumba kimoja, birika ichemkayo, na nguo mbichi zilizoanikwa ndani kwa sababu nje kuna mvua. Siku hizi ongeza na kiyoyozi, kipozacho ukuta wa chumba kimoja hata upande wa pili, kwa jirani asiye na kiyoyozi, ukuta ukatoa jasho.

Ndugu zetu wa shamba wasidhani jambo hili ni la mjini tu. Nyumba ya miti na udongo yenye makuti ilipumua kwa kila tundu. Sasa wengi wamejenga kwa matofali ya saruji na mabati, na hatuwalaumu, maana makuti hutaka kuezekwa upya kila baada ya miaka michache na moto huyapenda. Lakini bati hupoa upesi sana alfajiri, na pumzi za usiku hugeuka matone chini yake yakadondokea chandarua. Mtu hupanda juu kutafuta tundu, asilione, kwa sababu halipo. Dawa yake ni kuacha mianya chini ya paa, pande mbili zitazamanazo, ili upepo wa kusi au wa kaskazi upite.

Maji ya tatu hutoka ardhini, na hapa hatuna budi kusema habari za ujenzi wa kale. Nyumba za Mji Mkongwe ni za mawe ya matumbawe, yaliyoshikanishwa kwa chokaa na mchanga na udongo mwekundu. Hata kuta za Kanisa Kuu la Mkunazini, ambalo msingi wake uliwekwa mwaka 1873, ni za matumbawe. Jiwe hili lina matundu madogo madogo kama dodoki, nalo hunyonya maji kutoka chini kama utambi unyonyavyo mafuta. Pamoja na maji hupanda chumvi; na ikiwa mwashi alitumia mchanga wa pwani, chumvi imo tayari. Maji yakikauka, chumvi hubaki katika uso wa ukuta, huvimba, ikaibambua lipu ikawa unga.

Je, wazee hawakuyajua haya? Waliyajua sana. Chokaa yao, iliyochomwa katika tanuu kwa magogo, ikazimwa kwa maji, ikaachwa shimoni muda mrefu, haikuuzuia ukuta kupumua. Maji yaliingia na maji yalitoka. Chokaa ikisha kupakwa hunywa kidogo kidogo hewa ile ile tuitoayo kwa pumzi, nayo hugeuka kuwa jiwe tena, lakini jiwe lenye vinyweleo. Tena ni kali mno kwa ukungu. Ukutani palipopakwa chokaa mpya ukungu haupati pa kushika. Kila mwaka walipaka tena. Na nyumba ilikuwa na behewa katikati, mahali ambapo hewa ya moto ilipanda kutoka na hewa baridi ikaingia kwa madirisha. Vyumba vilikuwa vyembamba, kwa kadiri ya urefu wa boriti za mikoko, na upepo ulivuka kutoka upande hata upande.

Kisha ikaja saruji. Hatusemi ni kitu kibaya. Misingi na minara yaitaka. Lakini saruji juu ya matumbawe ni kama kumvika mtu koti la mpira ajapo kutoka kuoga. Maji yaliyokwisha kuingia hayapati njia ya kutoka. Hupanda juu zaidi, hata ghorofa iliyokuwa kavu, au huelekea ndani, kwenye ncha za boriti zilizofichwa ukutani. Kwa nje ukuta waonekana mzuri, mgumu, umenyooka, na mwenye nyumba amelipa fedha nyingi akifurahi. Ndani boriti yaoza, na mchwa, wapendao mti uliolowa, wamekwisha kualikwa. Rangi ya mafuta hufanya kazi hiyo hiyo ya kuziba. Twajua ya kuwa fundi wa saruji hupatikana kila pembe, na fundi wa chokaa hutafutwa. Ila twaona mwenye nyumba ya mawe amwambiaye fundi, "Nipigie saruji imara," ajinunulia maradhi ya ukuta.

Tena baada ya mwaka 1964 majumba mengi makubwa yaligawanywa kwa jamaa nyingi. Ukumbi mmoja ukakatwa kwa mbao kuwa vyumba vitatu, behewa likaezekwa bati likawa jiko, na madirisha yakafungwa kwa hofu ya wezi. Hawa walikuwa watu wenye haja ya mahali pa kulala, wala hatuwacheki. Walakini nyumba iliyofanywa kupumua kwa mapafu mawili ikaachiwa tundu moja la pua. Serikali iliunda Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe mwaka 1985, na mwaka 2000 mji ukaandikwa na UNESCO miongoni mwa urithi wa dunia, lakini maandishi hayakaushi ukuta.

Wote twakumbuka siku ya Krismasi ya mwaka 2020, ilipoanguka sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, na watu 2 wakafa. Lilikuwa katika matengenezo siku hiyo, na sehemu yake ilikwisha kuanguka mwaka 2012. Hatusemi maji peke yake yaliliangusha. Jumba kubwa huanguka kwa sababu nyingi zilizofungamana. Twasema tu ya kuwa ukuta wa matumbawe hautoi kelele unapooza, na ule usio na jina, kichochoroni, hauandikwi magazetini. Kwa upande mwingine, atakaye kuona kazi njema na atazame Dispensari ya Kale katika Barabara ya Mizingani, jumba lililoanzishwa na Tharia Topan mwaka 1887. Lilikuwa limechakaa sana, likatengenezwa na Amana ya Utamaduni ya Aga Khan katika miaka ya 1990, na roshani zake za mbao zatazama bahari hata leo.

Sasa habari za vifua. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu kizima juu ya unyevu na ukungu nyumbani. Lilisema ya kuwa wakaao katika nyumba hizo hupatwa zaidi na kikohozi, pumu na maradhi ya njia ya pumzi. Wala halikuweka kipimo cha ukungu usiodhuru, bali lilisema unyevu wenyewe uzuiwe. Kifua kikuu ni jambo jingine, nacho hakitoki ukutani. Kwa hiyo mtu akohoaye wiki mbili na zaidi aende hospitali, asingoje ukuta ukauke. Lakini mtoto ambaye kifua hupiga miluzi kila masika, akapona akilala kwa bibi yake shamba, mama yake amekwisha kupewa habari.

Hata Uingereza, nchi ya matajiri, mwezi ule ule wa Desemba 2020, siku nne kabla ya Beit al-Ajaib kuanguka, alikufa mtoto wa miaka 2 katika mji wa Rochdale, jina lake Awaab, wazazi wake ni watu wa Sudan. Baba yake alilalamika muda mrefu juu ya ukungu wa nyumba waliyopanga. Mwaka 2022 afisa mchunguzi wa vifo alitamka ya kuwa mtoto alikufa kwa maradhi ya pumzi yaliyotokana na ukungu ule. Mwaka 2023 Bunge likatunga amri, iitwayo Sheria ya Awaab, kuwalazimisha wenye nyumba za umma kutengeneza kwa muda uliowekwa. Tumeisimulia kwa sababu wazazi wale waliambiwa, kama waambiwavyo akina mama wa kwetu, ya kuwa shida ni namna yao ya kuishi.

Basi bibi na bwana wa nyumba wafanye nini? Kwanza wajue maji ni ya aina gani. Chukua kipande cha karatasi ya plastiki, ukigandishe ukutani pande zote nne kwa utepe wa gundi, ukiache siku mbili. Kikilowa upande wa chumba, maji ni ya hewa. Kikilowa upande wa ukuta, maji yamo ukutani, na huko hapana ufutaji utakaofaa mpaka bomba, mlizamu au lipu itazamwe.

Ikiwa ni ya hewa, kazi ni rahisi, haina gharama. Sogeza kabati na kitanda kiasi cha kiganja kutoka ukutani. Godoro lisilale juu ya sakafu. Liinuliwe, na kila juma liegemezwe juani. Asubuhi fungua madirisha yatazamanayo, hata mvua ikinyesha, walau kwa muda wa kunywa chai. Nguo mbichi zianikwe barazani, na sufuria ifunikwe ichemkapo. Na tafadhali, mtu asiingize jiko la makaa katika chumba kilichofungwa ili akikaushe. Moshi wake usioonekana huua watu waliolala, wala hawasikii harufu.

Ukungu uliokwisha kumea usipanguswe kwa ufagio mkavu, maana ndiko kupanda mbegu chumba kizima. Jifunge kitambaa puani, watoto watoke nje, uoshe kwa maji na sabuni, ukaushe vizuri. Wanaotumia dawa ya klorini wasiichanganye kamwe na siki wala na dawa nyingine ya kusafishia, kwa kuwa hutoa hewa ya sumu. Ukuta wa mawe ukisha kukauka, pakaza chokaa, mara mbili au tatu, nyembamba nyembamba. Na mpakaji alinde macho yake, kwa sababu chokaa mbichi huunguza. Mpangaji asiyeweza kubandua saruji ya mwenye nyumba aweza walau kuandika barua yenye tarehe na kubaki na nakala yake.

Kwa walimu, neno moja la vitabu. Visipangwe hata kugusa ukuta, wala visibanwe sana rafuni. Udi na kafuri huondoa harufu na kufukuza wadudu, lakini haviondoi maji. Kitabu kilicholowa kisimamishwe wima, kurasa zikiwa zimefunguka kama kipepeo, mahali penye upepo wa kivuli. Jua kali hupinda jalada. Kikisha kukauka kabisa, ndipo upanguse unga wa ukungu nje ya nyumba, kwa kitambaa laini, ukisimama upande utokako upepo.