Mkanda wa Jeshi: Hesabu Siku 3

Ndugu msomaji, huenda siku moja utatoka shambani ukihisi ubavu mmoja unawaka moto. Utadhani ni uchovu wa jembe. Utajipaka mafuta na kulala. Kesho yake ngozi inachoma na kuwasha. Hata shati likigusa tu, unashtuka. Lakini ukitazama, huoni kitu.

Baada ya siku chache, vipele vinatokea mahali pale pale. Vinageuka kuwa malengelenge madogo yenye maji. Yanajipanga kama mkanda, kutoka mgongoni kuja kifuani au tumboni. Huo ndio mkanda wa jeshi.

Utautambuaje?

Tazama upande. Mkanda wa jeshi hukaa upande mmoja wa mwili, kulia au kushoto. Kwa kawaida hauvuki katikati ya mgongo wala kifua. Tetekuwanga husambaa mwili mzima. Upele huwasha pande zote mbili, tena zaidi usiku.

Unatoka wapi?

Wengine husema ni uchawi. Wengine husema wamekojolewa na buibui. Sivyo. Ulipougua tetekuwanga zamani, ulipona, lakini virusi vyake havikutoka mwilini. Vilijificha katika mishipa ya fahamu karibu na uti wa mgongo. Vinaweza kulala humo miaka mingi. Nguvu ya mwili ya kupigana na maradhi ikipungua, virusi huamka na kufuata mshipa hadi kwenye ngozi.

Nguvu hiyo hupungua kwa uzee. Hupungua pia kwa maradhi kama UKIMWI. Kwa hiyo ukipata mkanda wa jeshi, omba kupimwa damu. Si kila mwenye mkanda ana virusi vya UKIMWI, lakini kujua ni bora kuliko kukisia.

Kwa nini siku 3?

Dawa ya kuzuia virusi hivi ipo. Soma jina lake kwenye pakiti: Aciclovir. Hufanya kazi vizuri ikianzwa kabla ya siku 3 kupita tangu vipele vitokee. Ukichelewa, malengelenge yatakauka, lakini maumivu yanaweza kubaki miezi, hata miaka. Mtu kama huyo halali usiku, na jembe halishiki.

Kwa hiyo ukiona vipele, anza kuhesabu. Nenda zahanati siku hiyo hiyo. Kama zahanati iko mbali na duka la dawa liko karibu, anzia hapo. Usiseme tu, "Nipe dawa ya kuwasha." Mwonyeshe muuza dawa vipele. Mwambie vilitokea lini na viko upande gani. Muuza dawa aliyesomea kazi yake atakupa dawa ya kutuliza maumivu na kukuhimiza uende kwa mganga upesi. Aciclovir hutolewa kwa cheti cha daktari.

Kwa kawaida mtu mzima huinywa mara 5 kwa siku, kwa siku 7. Unaweza kuipanga hivi: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni na saa 4 usiku. Kunywa maji mengi. Usiache dawa kwa kuwa umepata nafuu. Hata kama siku 3 zimepita, nenda tu. Mganga ataona la kufanya.

Hatari ya jicho

Vipele vikitokea kwenye paji la uso, karibu na jicho au kwenye ncha ya pua, usingoje hata siku moja. Virusi vinaweza kuharibu jicho na kukupofusha. Nenda hospitali mara moja.

Nyumbani

Osha vipele kwa maji safi na sabuni, kisha vikaushe. Usitumbue malengelenge. Usipake kinyesi cha ng'ombe, majivu wala maji ya betri. Funika kwa kitambaa safi. Maji ya malengelenge yanaweza kumwambukiza tetekuwanga mtu ambaye hajawahi kuugua. Kaa mbali na wajawazito na watoto wachanga mpaka vipele vikauke vyote.

Ndugu msomaji, huenda mzee wa jirani hajui kusoma. Msomee habari hii. Siku akilalamika ubavu unawaka, mtazame ngozi, kisha mhesabie siku.