Madaktari wa Kesho na Dawa Zilizozoeleka



Kati ya Desemba 2007 na Julai 2009 homa ya matumbo iliingia wilaya ya Kasese, nayo haikuwa ile tuliyoizoea. Waliohesabiwa kuugua walikuwa 577. Kati yao 249 walitoboka utumbo, na 47 walifariki. Vijidudu vilipopimwa, vingi vilionekana vimekwisha kuzizoea dawa tatu zilizotegemewa kwa miaka mingi: ampisilini, kloramfenikoli na Septrin. Mgonjwa alimeza dawa, homa haikushuka, mwisho wake kisu.

Tunayakumbusha haya kwa sababu wanafunzi wa udaktari wanaofanya mazoezi katika wodi, kuanzia Kasese mjini hadi Bwera mpakani, ndio watakaotuandikia dawa kesho. Wana maoni gani? Wanafunzi kama hao wameulizwa katika nchi nyingi. Karibu wote wanakubali kwamba usugu wa vijidudu ni hatari kubwa. Lakini wengi wanaiona hatari hiyo iko mbali, katika taifa zima au duniani, si katika wodi waliyosimama. Wengi pia husema hawakufundishwa vya kutosha namna ya kuchagua dawa. Wangesomeshwa habari za Kasese!

Hata hivyo hatuwalaumu peke yao. Asubuhi mwanafunzi hujifunza kwa kitabu, mchana hujifunza kwetu. Kuotesha vijidudu maabarani huchukua siku mbili au zaidi, na foleni haingoji. Nasi tulio kwenye foleni tunataka nini? Sindano. Daktari asiyetoa sindano tunasema hajui kazi. Hata mafua, ambayo dawa hizi haziyagusi kabisa, tunayanunulia vidonge vya rangi mbili dukani, vitatu vitatu, maana mshahara hautoshi dozi nzima. Tukipata nafuu, vilivyobaki tunampa jirani. Sisi tunaoandika haya tumefanya hivyo pia.

Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya mwaka 1945 kwamba dozi pungufu huvifundisha vijidudu kuistahimili dawa.

Kwa hiyo, tunapokaa mezani na waajiri kuzungumzia matibabu, tudai dozi kamili na fundi wa maabara mwenye vifaa vyake. Na mwanafunzi akituambia ugonjwa huu hautaki sindano, tumwulize sababu kabla hatujaanza kunung'unika.