Minyiri ya Pweza: Maji Kwanza, Makaa Baadaye

Pweza wa Msimbati, mkoani Mtwara, hukamatwa kwenye miamba ya matumbawe, hasa siku za bamvua, maji yanapotoka mbali na mwamba ukabaki wazi. Mdomoni mwa Mto Ruvuma penyewe hakai, kwa kuwa hastahimili maji yaliyopungua chumvi. Makazi yake ni miamba ya Ghuba ya Mnazi, ambayo tangu mwaka 2000 imo ndani ya hifadhi moja ya bahari pamoja na maingilio ya mto huo.

Mnyiri wa pweza hauna mfupa. Unasimama kwa misuli peke yake. Nyuzi za misuli hiyo zimepishana, nyingine kwa urefu, nyingine kwa upana, nyingine zikizunguka, na zote zimefungwa kwa kolajeni, protini ambayo pweza anayo nyingi kuliko samaki. Joto likikaribia nyuzi 60 za Selsiasi, kolajeni hujikunja na kuikamua nyama maji yake. Ndiyo maana mnyiri mbichi ukiwekwa moja kwa moja juu ya makaa husinyaa na kuwa mgumu kama raba. Lakini kolajeni hiyohiyo ikikaa motoni kwa saa kadhaa huyeyuka ikawa jelatini, na hapo mnyiri hulainika. Kumpigapiga pweza, au kumgandisha kwenye friza kisha kumyeyusha, hulegeza nyuzi hizo na kupunguza kazi ya moto, ila hakuimalizi.

Wapishi wa pwani humchemsha kwa maji anayoyatoa mwenyewe. Ni njia nzuri, ila moto ukizidi ngozi huchubuka, na ngozi ndiyo yenye rangi na ladha. Tatizo hilo huondolewa na upishi wa mfuko uliotolewa hewa. Mfaransa Georges Pralus aliutumia mjini Roanne mwaka 1974 ili maini ya bata yasipungue sana yanapopikwa. Minyiri hufungwa katika mfuko wa plastiki uliotengenezwa kwa ajili ya chakula cha moto, si mfuko wowote wa sokoni, kisha hutumbukizwa katika maji yenye joto lisilobadilika. Chumvi iwe kidogo, maana pweza anayo yake ya baharini.

Kipimo cha steki hakimfai pweza. Steki ya sarara huwa laini tangu mwanzo, hivyo nyuzi 55 kwa saa moja au mbili zinatosha kuiivisha ikabaki na wekundu. Pweza huhitaji nyuzi 77 hadi 85 kwa saa nne au tano, na mkubwa huhitaji zaidi. Asiye na mashine anaweza kutumia sufuria kubwa, kipimajoto na moto mdogo: maji yafuke, yasitokote. Kisu chembamba kikiingia bila kukwama kwenye sehemu nene ya mnyiri, ameiva.

Kama hachomwi papo hapo, mfuko uzamishwe kwenye maji ya barafu, kisha uwekwe kwenye friji. Hili si la kupuuzwa katika joto la Mtwara. Mbegu za bakteria wa botulizimu haziuawi na nyuzi 85, na mahali pasipo hewa ndipo zinapostawi.

Makaa yana kazi ya ukoko tu. Ukoko wa kahawia hutokea vizuri uso wa nyama ukipita nyuzi 140, jambo lisilowezekana uso ukiwa na maji, kwa hiyo minyiri ikaushwe vizuri kwa kitambaa safi na kupakwa mafuta ya nazi. Makaa yawe yameshika na kuvaa majivu meupe, wavu uwe karibu, na kila upande upate dakika mbili au tatu. Zaidi ya hapo ulaini uliopatikana majini huanza kupotea. Vifuu vya nazi hutoa moto mkali na moshi wenye harufu njema. Maganda ya korosho, yaliyojaa mkoani humo, yasitumike kabisa: mafuta yake huunguza ngozi, na moshi wake huwasha macho na koo.

Minyiri hukatwa mishazari na kuliwa kwa ndimu na pilipili. Maji yaliyobaki mfukoni yamebeba jelatini na ladha nyingi. Yakichemshwa upya kwa kitunguu saumu na pilipili manga, ni supu ya pweza iliyokamilika.