WINDOWS YA KUCHAKACHUA MPAKA LINI?

Huku kwetu Uyole baridi haina adabu, mtu unaandika koti mwilini na kikombe cha chai pembeni. Lakini wiki hii sitaki tuzungumzie baridi, wala mapenzi, wala nani kaachana na nani. Nataka tuzungumzie kompyuta yako. Ndiyo, hiyo hiyo laptopu ya mtumba uliyoinunua Mwanjelwa, ukapanda nayo daladala umeikumbatia kama mtoto mchanga.

Swali langu ni moja tu: hiyo Windows iliyomo ndani ni ya kwako?

Usinune, mshikaji. Wengi wetu ndiyo zetu. Fundi alikupigia Windows kwa elfu kumi na tano, akachomeka flashi yake, akazima antivirusi, akaendesha kijiprogramu cha kuvunja kufuli, halafu akakwambia "tayari, bro". Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Hii yetu hata kuazima hatukuazima, tumeichukua bila kuuliza! Na kile kijiprogramu kilichovunja kufuli la Microsoft, nani amekuhakikishia hakikuvunja na la kwako? Umekifungulia mlango mwenyewe, tena mlinzi umemfukuza kwanza.

Sasa mambo yamezidi kuwa magumu. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida kwa Windows 10, ile iliyotoka mwaka 2015. Kompyuta yako haitazimika, itaendelea kuwaka kama kawaida. Tatizo ni kwamba matundu mapya yanayogunduliwa na wezi wa mtandaoni hayazibwi tena, isipokuwa kwa waliojiandikisha kupata nyongeza ya muda. Windows 11 nayo ina masharti kama ya mganga: inataka kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kwa mashine za Intel inataka prosesa kuanzia kizazi cha nane, yaani zile zilizoanza kutoka mwaka 2017. Tuambizane ukweli, mashine ngapi hapa mtaani zinafika huko?

Kwa hiyo kijana mwenye laptopu ya zamani anaambiwa achague: abaki na Windows isiyo na mlinzi, au atupe mashine nzima inayofanya kazi na kutafuta pesa za nyingine. Mimi nasema kuna njia ya tatu, na inaitwa Linux.

Huria maana yake nini?

Linux siyo kitu cha jana. Agosti 1991 kijana wa Kifini mwenye umri wa miaka 21, Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alitangaza kwamba anatengeneza programu endeshi yake. Programu endeshi ndiyo ile inayoiwasha kompyuta na kuisimamia, kazi ambayo kwako inafanywa na Windows. Linus hakuifungia kabatini. Aliiachia wazi, watu wa dunia nzima wakaichambua na kuiongezea nyama mpaka leo. Programu ya namna hiyo ndiyo tunayoiita programu huria.

Waingereza hapa wanapata tabu, maana neno lao moja linabeba "bure" na "huru" kwa pamoja. Sisi Waswahili tumejaliwa maneno mawili. Linux kwa mtumiaji wa kawaida ni bure, lakini sifa yake kubwa ni kwamba ni huru: unaruhusiwa kuitumia, kuikopi, kuifungua tumboni uone ilivyo, kuirekebisha na kumpa mwenzako.

Kwa watu wa Uyole hili halihitaji profesa. Mama akipanda maharage ya Uyole 96 au Njano Uyole, mbegu zilizotoka hapa hapa kwenye kituo chetu cha utafiti wa kilimo, akivuna anatenga za msimu ujao, na jirani akija kuomba anampimia kidogo. Mahindi chotara ni habari nyingine. Ukirudishia punje zake shambani mavuno yanaporomoka, hivyo kila msimu unarudi dukani na hela mkononi. Windows ni ndugu yake chotara, mwenye mbegu ni kampuni. Linux ni maharage.

Na kama unadhani Linux ni kitu kigeni kwako, toa simu yako mfukoni. Kama ni Android, moyo wake ni Linux. Kompyuta 500 zenye nguvu kuliko zote duniani, tangu Novemba 2017 zote zinaendeshwa na Linux. Kwa hiyo hatuzungumzii mchezo wa kitoto.

Hata Afrika ina mkono wake humo. Ubuntu, moja ya aina maarufu za Linux, ilianza mwaka 2004 chini ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lenyewe ni neno la huko lenye maana ile ile ya utu. Kwa miaka kadhaa, mpaka 2011, walikuwa wanakutumia sidii ya bure kwa posta popote ulipo. Mwaka huo huo wa 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikishirikiana na Waswidi kupitia mradi wa Kilinux walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini kwa Kiswahili. Wabongo walishaonyesha kwamba programu huria inaweza kuongea lugha yetu bila kusubiri ruhusa ya bosi wa Marekani.

Gemu je?

Najua vijana wa padi mmeshaanza kuguna. "Linux haina gemu!" Zamani ilikuwa kweli kwa kiasi kikubwa. Siku hizi siyo kweli tena.

Tangu 1993 kulikuwa na programu huria iitwayo Wine, ambayo kazi yake ni kuifanya programu ya Windows ikubali kukaa ndani ya Linux. Agosti 2018 kampuni ya Valve ya Marekani, wenye duka la gemu la Steam, wakaichukua Wine, wakainoa na kuiita Proton. Mwaka 2022 wakaanza kuuza Steam Deck, mashine ya gemu ya kushika mkononi inayoendeshwa na Linux. Hapo upepo ukabadilika. Maelfu ya gemu za Windows yanachezeka, na Counter-Strike 2 na Dota 2 zimetengenezewa Linux kabisa. Oktoba 2025 hesabu za Steam zilionyesha watumiaji wa Linux wamevuka asilimia 3 kwa mara ya kwanza. Ni wachache, lakini wanaongezeka.

Na wale mnaocheza mpira wa PSP kwenye simu kwa kutumia PPSSPP, habari ndiyo hiyo: nayo ni programu huria, iliyoanzishwa mwaka 2012 na Mswidi Henrik Rydgård. Kwenye Linux inakaa bila noma.

Lakini mimi si mpiga debe wa stendi, lazima niseme na ubaya wake. Gemu nyingi za mtandaoni zina walinzi wa kukamata wadanganyifu, na walinzi wengine hawaitaki Linux kabisa. Valorant haichezeki. Fortnite haichezeki. EA Sports FC za karibuni zinagoma. Apex Legends iliwafungia mlango watumiaji wa Linux mwishoni mwa Oktoba 2024. GTA V unaicheza peke yako, lakini upande wa mtandaoni umefungwa tangu Septemba 2024. Hapo kosa siyo la mashine yako, ni uamuzi wa wenye gemu. Tena Proton inapenda kadi ya picha ya kisasa kidogo, hivyo laptopu ya mwaka 2012 isitegemee miujiza. Itacheza gemu za rika lake.

Kuna mshikaji mmoja hapa karibu na njia panda ya kwenda Tukuyu, ana kibanda cha gemu chenye kompyuta mbili. Ada ya mdogo wake inatoka humo. Muuzaji mmoja alimwambia mashine zake zimekwisha, aziuze kwa bei ya chuma chakavu anunue mpya. Tukakaa naye Jumapili moja tukajaribu Linux Mint kwenye mojawapo. GTA San Andreas ikakubali, PPSSPP ikakubali, PES ya zamani ikakubali baada ya kusumbuana nayo kidogo. FC ikagoma kata kata. Akaamua moja ibaki Linux, nyingine ibaki na Windows kwa ajili ya wale wa FC, bila kuiunganisha mtandaoni ovyo. Mashine zote mbili bado zinaingiza hela.

Kazi za kila siku

Kwa mtu wa kawaida mambo ni rahisi zaidi. Kujaza fomu ya mkopo wa HESLB, kuomba kazi Ajira Portal, kuangalia matokeo ya NECTA, YouTube, barua pepe, vyote hivyo vinapita kwenye Firefox au Chrome, na zote mbili zipo kwenye Linux. Barua na CV utaandika kwa LibreOffice, mtoto wa ile OpenOffice. Na vile virusi vya flashi vinavyogeuza mafolda yako yote kuwa shotikati vimeundwa kwa ajili ya Windows, humu vinabaki vinashangaa tu.

Watakaopata tabu ni hawa: wenye studio za muziki waliozoea FL Studio, wapiga picha wa harusi waliozoea Photoshop na Premiere, na wenye steshenari ambao printa zao ni za kubembeleza. Kuna mbadala kama Reaper, GIMP na Kdenlive, lakini ni lazima ukae ujifunze upya. Kama kazi hiyo ndiyo inakulisha, usibadilishe kichwa kichwa.

Uanzie wapi?

Tafuta flashi ya GB 8. Linux Mint ya Xfce inataka RAM ya GB 2 kwa uchache, ingawa GB 4 ndiyo raha. Faili lake lina karibu GB 3, na hapo ndipo bando linapouma. Sasa kumbuka yale maharage: mmoja wenu anapakua, kijiwe kizima kinakopi, na hakuna anayeiba kitu cha mtu. Kisha iwashe kompyuta kwa kutumia hiyo flashi bila kufuta Windows yako. Angalia sauti, angalia WiFi, angalia printa. Ukiridhika, hifadhi picha na nyaraka zako pembeni kwanza, ndipo uiweke moja kwa moja. Usiporidhika, chomoa flashi, maisha yanaendelea.

Je, Linux itaitupa nje Windows hapa Bongo? Sidhani, na anayekuahidi hivyo anakudanganya. Mafundi wengi wanajua Windows tu, na mteja anataka kile anachokijua fundi wake. Lakini kila mtaa ukipata kijana mmoja anayeijua Linux, mwenye flashi yake mfukoni na subira ya kuelekeza wenzake, laptopu nyingi zinazoitwa mizoga zitafufuka, na wadogo zetu watajifunzia kompyuta kwenye mashine ambazo hazikuvunjwa kufuli na mtu.

Hapo Uyole kijana huyo anaweza kuwa wewe. Flashi zipo, muda wa Jumapili upo. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.