Nikeli, Leseni za Kuhodhi na Gharama ya Kanuni Moja

Mpito wa nishati, yaani hatua za dunia kuyaacha taratibu mafuta, gesi na makaa ya mawe na kuhamia kwenye umeme wa jua, wa upepo na wa betri, umeyapa thamani mpya madini ambayo kwa miongo kadhaa yalilala ardhini Tanzania: nikeli ya Kabanga wilayani Ngara na ya Ntaka Hill wilayani Nachingwea, kinywe cha Mahenge, na madini adimu ya Ngualla mkoani Songwe na ya Wigu Hill mkoani Morogoro. Nikeli na kinywe hutumika katika betri za magari ya umeme, nikeli ikiwa kwenye ncha chanya na kinywe kwenye ncha hasi, ilhali madini adimu hutengenezewa sumaku za mitambo ya upepo. Hata hivyo, kwa Ntaka Hill na Wigu Hill pekee, maeneo ambayo hayakuwa yamefikia hatua ya uchimbaji, Serikali imekubali kuwalipa wawekezaji jumla ya dola milioni 117 za Marekani, na chanzo cha madai hayo si kodi wala mrabaha bali aina moja ya leseni.

Sheria ya Madini ya mwaka 2010 iliruhusu leseni ya kuhodhi, ambayo ilitolewa kwa mtafiti aliyegundua mashapo yenye thamani ya kibiashara lakini akashindwa kuanza kuchimba kwa sababu ya bei mbaya ya soko au vikwazo vya kiufundi. Leseni hiyo ilidumu kwa muda usiozidi miaka 5 na iliweza kuhuishwa mara moja tu. Wakosoaji waliiona kuwa mlango wa kuhodhi ardhi ya nchi kwa matumaini ya bei kupanda, na hoja yao haikuwa ya kubeza, kwa kuwa nchi haipati mrabaha kutoka kwenye mashapo yasiyochimbwa. Julai 2017 Bunge liliifuta leseni hiyo katika marekebisho yaleyale yaliyoipa Serikali hisa zisizofifishwa zisizopungua asilimia 16, yaani hisa ambazo haichangii mtaji wake na ambazo hazipungui hata mtaji wa kampuni ukiongezwa, na yaliyopandisha mrabaha wa madini ya metali hadi asilimia 6. Kisha kanuni za Januari 2018 zikatamka kwamba leseni zote za kuhodhi zilizokuwapo zimefutwa na haki za maeneo hayo zimerudi serikalini.

Tatizo la kisheria liko katika kanuni hizo kuliko katika hisa au mrabaha. Nchi kuwa na mamlaka juu ya maliasili zake ni kanuni inayokubalika katika sheria ya kimataifa, na kuongeza mgawo wa taifa si kosa kwa lenyewe. Lakini kumfutia mtu haki aliyokwisha kupewa, bila kipindi cha mpito na bila fidia, huitwa utaifishaji usio halali chini ya mikataba ya pande mbili ya kulinda uwekezaji, ambayo Tanzania iliisaini kwa hiari yake, ukiwamo wa Uingereza wa mwaka 1994 na wa Kanada wa mwaka 2013. Desemba 2019 Tume ya Madini ilipotangaza zabuni ya kuendeleza maeneo hayo, Ntaka Hill ikiwamo, wawekezaji waliona kwamba hakuna tena la kusubiri.

Sheria ya Mamlaka ya Nchi Kuhusiana na Umiliki wa Maliasili, iliyopitishwa mwaka huohuo wa 2017, inataka migogoro ya maliasili iamuliwe na vyombo vya ndani. Sharti hilo halikuwazuia wadai, kwa sababu ridhaa ya usuluhishi ilikuwa imeshatolewa kwenye mikataba, na nchi haiwezi kuiondoa ridhaa hiyo kwa sheria yake yenyewe. Shauri la Ntaka Hill lilisikilizwa chini ya Kituo cha Kimataifa cha Usuluhishi wa Migogoro ya Uwekezaji cha Benki ya Dunia, ambacho Julai 2023 kilitoa tuzo ya zaidi ya dola milioni 109. Mwaka uliofuata pande mbili zilimaliza shauri kwa dola milioni 90, na Novemba 2024 la Wigu Hill likamalizwa kwa milioni 27. Tuzo za kituo hicho hutekelezwa katika kila nchi mwanachama kana kwamba ni hukumu ya mahakama ya nchi hiyo, na uzito wake ulionekana mwishoni mwa 2022, pale ndege ya Air Tanzania ilipozuiwa Uholanzi kwa ajili ya tuzo nyingine, iliyohusu ardhi ya mradi wa sukari Bagamoyo.

Kabanga nayo ilikuwa chini ya leseni ya kuhodhi iliyofutwa, lakini njia yake ilikuwa tofauti. Januari 2021 Serikali ilisaini na mwekezaji mpya mkataba ulioanzisha kampuni ya ubia ya Tembo Nickel, ambamo Serikali inashika asilimia 16 na mwekezaji 84, pamoja na mpango wa kiwanda cha kusafisha madini Kahama, unaoitikia matakwa ya sheria ya 2017 kwamba madini ghafi yasisafirishwe nje. Yaliyotafutwa kwa kanuni ya 2018, yaani ardhi kutoka mikononi mwa mhodhi na mgawo mkubwa zaidi kwa taifa, hapa yalipatikana mezani, ingawa mgodi wenyewe bado unahitaji mtaji mkubwa na bei ya nikeli imeyumba.

Mikataba ya zamani nayo haifi haraka. Tanzania iliusitisha mkataba wake na Uholanzi kuanzia Aprili 2019, lakini kifungu chake cha masalia kinaendelea kuwalinda wawekezaji walioingia kabla ya tarehe hiyo kwa miaka 15 zaidi, hadi 2034, hivyo waandishi wa kanuni za kinywe na madini adimu watalazimika kwa muongo mzima kusoma mikataba hiyo sambamba na Sheria ya Madini.